Ski si mbao mbili tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya michezo ya wiki iliyopita, ambamo mwandishi wenu alimkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za ski (mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji) za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998 na kumaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alibaki kumsubiri ili amkumbatie. Mwandishi alisema kwamba vijana wetu wenye mapafu ya nyanda za juu hawakosi kitu ila mazoezi, kwa kuwa ski ni mbao mbili tu. Kuhusu mazoezi simbishii, na wala sisemi kwamba nta, ile inayopakwa chini ya ski ili ziteleze, ndiyo iliyomchelewesha Boit. Neno "tu" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ninafanya kazi katika karakana ya kukodisha ski hapa Norway. Upande wa chini wa ski za siku hizi ni wa plastiki, nayo plastiki hiyo hunywa nta inapopata joto. Tunaiyeyusha nta kwa pasi yenye nyuzi 130 hivi, tunaidondosha kama mshumaa, tunaitandaza bila kuiacha pasi itulie mahali pamoja, kisha ikipoa tunaikwangua karibu yote na kupiga brashi kutoka mbele kwenda nyuma. Wageni huuliza kwa nini tunapaka na kuondoa, nasi huwajibu kwamba inayofanya kazi ni ile iliyokwisha kunywewa. Msimu wangu wa kwanza nilipokea simu huku pasi ikiwa juu ya ski ya mteja, na nilipogeuka plastiki ilikuwa imevimba malengelenge kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Nililipa.

Kazi ngumu zaidi ni kuchagua. Theluji ya baridi kali ina chembe zenye ncha, nazo hudai nta ngumu. Ile inayoanza kuyeyuka hudai nta laini, na ukikosea, ski hunata kana kwamba unapita kwenye tope. Katika mtindo wa asili wa mbio ndefu, ambapo mwanariadha hupiga hatua kama anayetembea, huongezwa nta nyingine chini ya wayo, ambayo inatakiwa ishike mwanariadha anapokanyaga na iachie anapoteleza, ilhali jua la saa nne laweza kuharibu uamuzi wa alfajiri. Katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014 wanaume wa Norway walimaliza wa 4 katika mbio za kupokezana, na lawama nyingi ziliwaangukia mafundi wa nta.

Kwa nchi ndogo kuna nafuu. Tangu msimu wa 2023/24 nta zenye florini, zilizokuwa ghali mno na ambazo kemikali zake hukaa muda mrefu katika udongo na miili yetu, zimepigwa marufuku katika mashindano ya kimataifa; mwanariadha wa ski Ragnhild Mowinckel wa Norway alienguliwa huko Sölden, Austria, Oktoba 2023 baada ya ski yake kupimwa na kukutwa na florini. Nta zilizobaki zinanunulika. Kwa hiyo shirikisho letu likimkatia mwanariadha tiketi ya ndege, limkatie na fundi mmoja mwenye pasi na brashi zake, naye afike siku kadhaa kabla ya mbio ili aijaribu theluji ya mahali hapo.

Msomaji wenu,
Lillehammer, Norway