Kwa Nini Mdanganyifu Aliyefungiwa Jana Yumo Tena Kwenye Seva Leo

Wateja wanaokodi seva zetu za gemu hutuomba jambo moja kuliko yote: "Huyu mfungieni maisha, tusimwone tena." Ombi hilo ni la haki. Mchezaji aliyenoa ujuzi wake kwa miezi, kisha akauawa kila raundi na mtu anayemwona kupitia ukuta kwa programu ya udanganyifu, ana kila sababu ya kuhama seva. Ndiyo maana tunataka mjue kinachofanyika hasa tunapofungia mtu.

Tunachofungia ni akaunti. Binadamu mwenyewe hatumjui. Seva inaona namba ya akaunti na anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti anaotumia, basi.

Akaunti ndiyo rahisi kubadilisha kuliko vyote. Counter-Strike: Global Offensive ilipofanywa ya bure Desemba 2018, kufungua akaunti mpya kulihitaji barua pepe tu. Gemu za kulipia zina afadhali, kwa kuwa kurudi kuna gharama, ila wapo wanaonunua akaunti za wizi kwa bei ya kutupa. Hapo anayeumia ni mwenye akaunti, anayejikuta amefungiwa kwa mechi ambazo hakuzicheza.

Wengi hutuambia tufungie IP. Ni kazi ya dakika moja, lakini huwa tunasita, na tunaamini tuna sababu nzuri. Anwani za IPv4, aina ya zamani ya IP ambayo bado inatumika sana, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, nazo hazitoshi. Kampuni nyingi za intaneti, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiifungia, umewatoa bweni zima la wanafunzi au watu wasiofahamiana kabisa, huku mdanganyifu akizima na kuwasha modemu yake, au akitumia VPN, huduma inayoficha anwani yake halisi, na kuingia kwa anwani nyingine. Tunafungia IP kwa saa chache tu, pale mtu anaporudi mfululizo usiku huohuo.

Kampuni kubwa zimekwenda mbali zaidi: zinaifungia kompyuta yenyewe kwa kusoma namba za ubao mama, diski na kadi ya mtandao. Vanguard, programu ya kunasa wadanganyifu ya kampuni ya Riot, iliyokuja na gemu yao ya Valorant mwaka 2020, hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo endeshi. Hata hivyo zipo programu zinazodanganya namba hizo. Wengine hufunga kadi maalumu inayosoma kumbukumbu ya kompyuta na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya pili, ambako ndiko programu ya udanganyifu iliko. Na anayenunua vifaa vilivyotumika anaweza kurithi adhabu ya mwenzake. Sisi wakodishaji wa seva hatuna uwezo wa kuchungulia kompyuta za wachezaji, wala hatuutaki.

Kwa hiyo nguvu zetu tunazielekeza kwenye kumfanya mdanganyifu alipe zaidi, kwa muda na fedha, kila anapotaka kurudi. Ukituomba, akaunti changa haitaingia moja kwa moja kwenye mechi za ushindani, au seva yako itapokea tu wachezaji uliowaandikisha wewe. Njia hii ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa ligi. Inawachosha wageni waaminifu, ni kweli, ila hakuna nyingine inayoikaribia.

Msishangae pia kuona mtu aliyeripotiwa bado anacheza kwa siku kadhaa. Valve, watengenezaji wa Counter-Strike, wenye mfumo wa kunasa wadanganyifu uitwao VAC tangu 2002, huchelewesha adhabu makusudi: ukimfungia papo hapo, muuza programu ya udanganyifu anajua ni toleo gani limenaswa na analirekebisha.

Mnaporipoti, jina la kwenye skrini halitusaidii, maana hubadilishwa wakati wowote. Tutumieni namba ya akaunti (ya Steam, duka la gemu la Valve, ina tarakimu 17), ramani, saa ya mechi, na rekodi ya mechi iliyohifadhiwa na seva, si video ya skrini yako peke yake. Kwa rekodi hiyo tunaangalia mechi kwa macho ya mtuhumiwa. Alama yake ya shabaha ikimfuata adui hatua kwa hatua nyuma ya ukuta, raundi baada ya raundi, bila hatua za miguu kusikika, tunafungia. Risasi moja ya ajabu haitoshi. Wachezaji hodari hupiga za namna hiyo, nao tuna wajibu wa kuwalinda.