Malalamiko: kitambaa cha bibi mlichokilowesha kwenye jiki

Meneja habari za kazi,

Naandika kuhusu kile kitambaa cha meza nilichowaletea hapo kwenye duka lenu la kufulia nguo Moshi mjini mkitoe madoa ya kutu, risiti ninayo na picha nimeziweka hapo chini. Nimeshaongea na dada wa kaunta, nimeshaongea na fundi wenu, wote wananipa jibu moja, eti "mangi, hiyo nguo ya zamani, imechoka yenyewe". Hilo jibu silikubali na ntaeleza kwanini, naomba usome mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Kwanza ujue mlipewa nini. Hicho kitambaa bibi yangu alikidarizi kwa mkono mwaka 1961. Ni bafta nyeupe, katikati kuna mlima Kilimanjaro na mwenge kileleni, maana mwenge wa uhuru uliwashwa huku kwetu juu, chini yake kuna maandishi UHURU 1961 na pembeni pote yamezunguka matawi ya kahawa. Majani alitumia uzi wa pamba, ila yale matunda mekundu ya kahawa pamoja na maandishi akaweka hariri, alinunua kwenye duka la Mhindi mjini, kwa hela ya kahawa bila shaka maana hela nyingine Kibosho enzi hizo ingetoka wapi. Nilimwambia dada wa kaunta kwamba hapo pekundu ni hariri, akaitikia huku anajaza risiti.

Madoa yenyewe yalikuwa vitone tu kwenye mikunjo, sanduku la bati lilishika unyevu. Nikasema hii ni kutu, sio chai wala mchuzi, na jiki msitumie kabisa. Akaandika "kutu, bila jiki". Mwandiko wake huo hapo picha ya kwanza, wala sio mimi niliyeandika.

Sasa nimerudishiwa kitu kinanuka jiki hata kabla sijafungua mfuko, kimepigwa pasi ya moto kwa upande wa mbele mpaka darizi yote imelala. Maandishi yanasomeka UHU U 19 1, ile R imekwenda yote, ile 6 pia haipo. Matunda ya kahawa zaidi ya nusu hayapo. Ukikinyanyua kitambaa kuelekea dirishani unaona vitundu vya sindano vimejipanga duara, kitundu kwa kitundu, na uzi hakuna. Yaliyobaki ukiyagusa yanatoka unga.

Mnaniambia uzee. Sawa, bafta na hariri si umri wao ni mmoja? Bafta nzima, ukiacha pale kwenye kutu ntakuja kupaeleza. Majani ya uzi wa pamba yapo yote, yamepauka tu yamekuwa rangi ya majani makavu ya mgomba, lakini uzi upo. Kilicholiwa ni hariri peke yake. Uzee gani huo unaochagua? Hariri inatoka kwa mdudu, ni protini kama nywele na sufu, na klorini iliyomo kwenye jiki inaila protini mpaka inayeyuka, pamba ni mmea kwaiyo inavumilia kidogo. Yaani kitambaa chenyewe kinasema kilikaa kwenye nini, hakihitaji shahidi. Na kama fundi wenu bado anabisha, kwenye kikapu cha bibi kimebaki kipande cha uzi uleule mwekundu, ntakuja nacho, tukiweke kwenye glasi ya hiyo jiki yenu hapo kaunta wateja wakiona, tukiache kikae muda uleule mliokilowesha kitambaa, alafu tuangalie kama kitakuwepo.

Na kutu yenyewe haijatoka! Ndo inaonekana vizuri zaidi, imekuwa chungwa iliyokolea. Jiki inapausha doa la chai, kutu haiwezi, kutu ni chuma, klorini inazidi kuikoleza tu, na chuma kikikutana na klorini ndani ya pamba nyuzi za pale zinaoza haraka kuliko kwingine. Ndo maana pale kwenye mikunjo ukibonyeza na kidole panachanika. Kutu inatolewa na asidi hafifu, kuna wanaotumia limau, kuna wanaotumia asidi ya oksaliki, unaigusisha kwenye doa tu kidogo kidogo alafu unasuuza kwa maji mengi maana na yenyewe ikibaki inakula pamba. Na kabla ya hapo unachukua kitambaa cheupe kibichi unabonyezea kila rangi kwa nyuma uone kama inachuja. Nyie ni watu wa kazi hii, haya mnayajua. Na kama hamuwezi si mngesema hatuwezi, ningekibeba nikaenda zangu, vitone vyenyewe vilikuwa vinafichika chini ya sahani.

Suti zangu mnafua vizuri, sina neno hapo. Ila msinionyeshe ule mstari wa nyuma ya risiti eti nguo inafuliwa kwa hatari ya mteja, mteja kasema bila jiki, mkaandika bila jiki, mkaweka jiki.

Sasa ninachotaka. Naomba mniandikie, sio kuniambia mdomoni, mlitumia dawa gani, kali kiasi gani na kilikaa humo muda gani, kwasababu mtu yeyote atakayejaribu kuokoa kilichobaki atauliza hilo kwanza. Nimeshakisuuza mwenyewe na kukilaza kwenye taulo lakini sijui kama klorini imeisha. Mnirudishie hela yote ya kufua, na gharama ya mtu wa kushikiza hizo nyuzi zilizobaki kwa mkono iwe juu yenu, bei nikishaipata ntawaletea. Fundi wenu kanipendekezea kijana mwenye mashine ya kudarizi nembo za sare za shule, eti atazijazia hizo herufi fasta na bei poa. Hapana jamani, kitambaa hakirudi tena mikononi mwenu, na kwa huyo kijana hakiendi.

Mwisho wa mwezi huu ukipita bila majibu napeleka FCC, ile Tume ya Ushindani, wao ndo wanamlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, na ile risiti yenye mwandiko wenu itakuwa juu kabisa. Namba yangu mnayo, pigeni baada ya saa kumi jioni, mchana nakuwa shambani mtandao hakuna.