Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma historia ya sanaa

Wanangu,

Juzi nilialikwa chuo kimoja kusikiliza tafiti za mwaka wa tatu. Kijana akaturushia ukutani picha ya mlango wa Zanzibar, akaueleza nusu saa: ukoloni, utambulisho, biashara ya Bahari ya Hindi. Picha imegeuzwa kushoto kulia! Maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu yamekwenda kinyumenyume, na ukumbi mzima kimya, wahadhiri wamo. Mlango wenyewe hajawahi kuuona. Kautoa kwenye simu.

Jamani, kazi yenu ni macho. Nadharia zitawangoja. Kaeni mbele ya mlango mpaka miguu iume. Tazameni kichwa chake: ni cha mraba, au ni lile tao lililokuja baadaye na mafundi wa Kihindi? Shukeni na miimo, zile nguzo za pembeni, ufuateni mnyororo uliochongwa mpaka chini kwa samaki. Pitisheni kidole kwenye mfaa, ule ubao wa katikati, mjue patasi ilizama wapi na ilikwaruza wapi. Hilo simu haina. Wala haiwaonyeshi mng'ao wa rangi ya kupakia baiskeli aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga kwenye mbao zake pale Dar es Salaam, kuanzia 1968 hadi alipouawa 1972.

Na kanga! Mnakimbilia jina, yale maandishi yake, kwa kuwa maneno ni rahisi kunukuu. Pindo la kando na mji wa katikati mnaviruka, kana kwamba vilijichora.

Mengine nayataja tu. Jifunzeni kusoma herufi za Kiarabu. Wajueni wachoraji wetu Sam Ntiro na Elimo Njau kabla ya Picasso. Bisheni hodi kabla ya kupiga picha nyumba ya mtu.

Najua hampati moyo nyumbani. Mzazi anauliza, "Utakula nini?" huku sebuleni katundika kinyago cha Kimakonde asichojua kimetoka kwa nani. Sisi wakubwa ndio tulioiachia Beit el-Ajaib kule Zanzibar, jengo la Sultan Barghash la 1883, ikachakaa mpaka sehemu yake ikaporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Baada ya hapo kila mtu akawa mpenzi wa urithi.

Nanyi wakuu wa idara, mtihani wa mwaka wa kwanza ufanyieni mbele ya kitu chenyewe. Penseli mkononi, simu zibaki kwa mlinzi.

Babu yenu