Pedeli laini siyo lazima masta silinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Kama ni ndefu ikateni, ila pale ninapoongelea nati ya kutolea upepo msipaguse, maana ndo nilichokalia chini kuandika.

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa magari ulimjibu msomaji mwenye gari la zamani aliyelalamika pedeli ya breki imekuwa laini. Jibu lilikuwa mistari mitatu, masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, imechoka, abadilishe. Basi. Mi nilisoma asubuhi nasubiri mafuta yapate moto nikaange maandazi, nikacheka peke yangu kama chizi, siyo cheko la furaha, maana jibu hilohilo nilipewa mwezi wa tatu kwenye gereji moja hapa Kimara, likanila laki moja na ishirini, na breki ikabaki vilevile.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka 1997, mbele disk nyuma dramu, haina ABS wala mbwembwe yoyote, napelekea vitafunwa maofisini Posta kila siku ya kazi saa kumi na moja na nusu. Nashuka Kimara mpaka Ubungo kwenye foleni, kanyaga achia kanyaga achia, kwa hiyo mguu wangu unaijua ile pedeli kama mkono unavyoujua unga. Siku ya kwanza ilipobadilika nilijua hapohapo. Unakanyaga unahisi kitu kinabonyea taratibu chini ya kiatu, gari linasimama ndiyo, lakini kwa kuchelewa, kama umekanyaga donge la maandazi lililoumuka. Nikipampu mara mbili tatu inapanda inakuwa ngumu, nikiiacha dakika chache inarudi kuwa donge.

Sasa tatizo linaanzia kwenye maneno yetu wenyewe. Sisi wenye magari tukifika gereji tunasema "fundi breki laini" na tumemaliza, na fundi naye anasikia anachotaka kusikia. Kumbe kuna breki laini, kuna breki inayozama, na kuna breki iliyo chini, na hayo ni magonjwa matatu tofauti. Hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Buguruni ambaye ndiye aliyekuja kunitoa kwenye mateso, na natamani ukurasa wenu ungeanzia hapo.

Inayozama ni hii: umesimama kwenye taa, injini inaunguruma, umekanyaga kwa nguvu ileile bila kuongeza, na pedeli inaendelea kushuka yenyewe polepole mpaka karibu ya sakafu. Hapo sawa, mshuku masta silinda, raba za ndani zinaruhusu mafuta yapite pembeni yarudi yalikotoka, au kuna mahali panavuja na utaona kopo la mafuta ya breki linapungua. Iliyo chini ni ile inayokwenda mbali kabla ya kushika lakini ikishika inashika ngumu, na hiyo mara nyingi ni breki shuu za nyuma zimekwisha au hazijakazwa, zimekaa mbali na dramu. Mzee alinionyesha jaribio la bure kabisa, vuta hendibreki ukiwa umesimama halafu kanyaga pedeli, ikishika juu zaidi kuliko mwanzo basi nenda kakaze shuu za nyuma usinunue kitu. Laini yenyewe, ile ya donge, ni upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea, ndo maana unahisi springi mguuni. Au paipu za mpira zimezeeka zinavimba ukikanyaga, na hilo unaweza kulishika kwa mkono wako, mtu akanyage we ushikilie paipu, ikivimba kama mshipa wa shingo ujue.

Kwa hiyo yangu ilikuwa laini, tena inapanda ukipampu. Yaani kila dalili inasema upepo. Na mi kule gereji nilisema yote hayo kwa lugha yangu ya jikoni, vijana wakaangaliana, mmoja akaniambia "mama hapo usihangaike, masta silinda hiyo." Hakukanyaga pedeli, hakuinama chini ya gari. Nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, nikanunua masta silinda used, wakafunga, wakatoa upepo, ikawa laini. Wakatoa tena. Laini. Wakasema hii nayo mbovu, karudishe. Nikabadilishiwa nyingine kwa kuongeza hela. Laini. Wakahamia kwenye busta sasa, kile kinachoongezea mguu nguvu ukikanyaga breki, eti busta inavuta vibaya, hapo nikachukua ufunguo wangu nikaondoka.

Hiyo ya busta nayo niseme haraka maana watu wanapigwa sana. Zima injini, pampu pedeli mara tano sita mpaka ikaze, shikilia, halafu washa injini ukiwa bado umekanyaga. Ikishuka kidogo ikatulia, busta inafanya kazi. Isiposhuka kabisa na ikabaki ngumu ndo kuna la kuongea. Busta mbovu kwa kawaida inakupa pedeli ngumu, haikupi donge.

Mzee wa Buguruni nilielekezwa na dereva bajaji anayenunuaga chapati kwangu. Ana kibanda cha mabati na mwembe, hana hata kibao cha jina. Nilipofika hakugusa gari. Akaniuliza, "Mama, kabla haijaanza kuwa hivi, ni kitu gani cha mwisho kilifunguliwa kwenye breki?" Jamani. Wiki tatu nzima hakuna aliyeniuliza hilo swali. Nikakumbuka kwamba mwezi wa pili kalipa ya mbele kushoto, ile inayobana pedi kwenye disk, ilikuwa imekwama, tairi likawa linatoa joto na harufu ya kuungua, nikanunua kalipa used jozi nzima kushoto na kulia, vijana haohao wakafunga zote mbili. Na kabla ya hapo breki yangu ilikuwa ngumu safi. Mzee akaguna tu.

Akachukua vaisi gripu mbili, zile koleo zinazojifunga zenyewe, akazizungushia vitambaa, akabana paipu ya mpira ya tairi la mbele kulia, akaniambia nikanyage. Pedeli ikapanda kiasi. Akaachia, akabana ya kushoto, nikakanyaga, ikapanda kiasi vilevile. Akabana zote mbili, nikakanyaga, Mhariri ikawa jiwe. Jiwe kabisa! Akacheka akasema masta silinda yako nzima na nyuma kuzima, tatizo liko mbele na liko pande zote mbili. Dakika tano hiyo, bila kufungua nati hata moja. (Akanionya kwamba paipu iliyopasukapasuka haibanwi, utaimalizia, na paipu ya chuma haibanwi kabisa.)

Halafu akatoa tairi, akachungulia, akaniita. "Njoo uone mama, nati ya kutolea upepo iko wapi?" Nikainama na kanga yangu nikaiona, kinati kidogo kimeangalia chini, kwenye ukingo wa chini wa kalipa. Akaniuliza, "Upepo kwenye maji unakaa wapi, juu au chini?" Juu. "Sasa nati iko chini, utatoa nini?"

Walikuwa wamefunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Zinaingia bila shida yoyote, pedi zinakaa, tairi linazunguka, gari linasimama, ila nati ambayo ilitakiwa iwe juu kabisa inageuka inakuwa chini, na upepo unabaki umejificha kule juu ndani ya kalipa hata ukitoa mafuta ndoo nzima. Unaweza kuwekewa masta silinda kumi mpya kutoka Japani na donge likabaki palepale.

Akazibadilisha, kushoto kushoto, kulia kulia. Halafu ndo nikaona kutoa upepo kunavyotakiwa, maana kule nilikotoka kijana alikuwa anapampu kama anajaza baiskeli, chakachaka mpaka chini, na mafuta yanaruka ovyo. Mzee anasema ukipampu kwa fujo upepo unavunjikavunjika unakuwa povu, na povu halitoki kirahisi. Alichomeka kimrija cha plastiki kinachoonyesha ndani kwenye nati, upande wa pili ukazama kwenye chupa ya maji ya nusu lita yenye mafuta ya breki kidogo chini. Mi nikakaa kwenye usukani. Yeye anasema "kanyaga", nakanyaga taratibu, nashika, anafungua nati, pedeli inashuka, anafunga, ndo anasema "achia". Kamwe usiachie kabla hajafunga, utavuta upepo ndani upya. Na chini ya pedeli alikuwa ameweka kipande cha ubao ili isifike mwisho kabisa, kwa sababu kwenye masta silinda ya zamani sehemu ya mwisho ambayo raba haijawahi kufika inakuwa na kutu na uchafu, raba ikipita pale inachanika, halafu utaambiwa unaona sasa tulisema masta silinda.

Alianza tairi la nyuma kushoto, maana magari yetu usukani uko kulia na masta silinda iko upande huohuo, kwa hiyo hilo ndo la mbali kuliko yote, akaja nyuma kulia, mbele kushoto, akamalizia mbele kulia. Nyuma yalitoka mafuta tu, ya rangi ya chai ya rangi. Mbele ndo nilishuhudia jinsi mrija ulivyokuwa unatema mapovu, makubwa yanafuatana, bluu bluu bluu, yeye anaigongagonga kalipa kwa mpini wa spana ili yaliyonata yaachie, mpaka yakaja madogodogo kama ya soda, mpaka yakaisha. Kila baada ya kanyaga kadhaa anamtuma mjukuu wake aangalie kopo lisikauke, likikauka unaanza moja.

Na hayo mafuta nayo Mhariri naomba siku moja muyaandikie, maana maduka mengine yanapima mafuta ya breki kutoka kwenye kopo lililokaa wazi toka juzi na kukutilia kwenye chupa ya soda. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 na DOT 4, yanakunywa unyevu wa hewani, na Dar hii ya joto na jasho si mnaijua. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishakunywa maji asilimia 3.7 kiwango chake kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Sasa mtu anashuka mlima Kitonga na mzigo huku amekalia breki, mafuta yana maji miaka sita hayajabadilishwa, yanachemka ndani ya kalipa, yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama upepo tu. Pedeli iliyokuwa ngumu Dar inakuwa donge katikati ya kona. Nunua kopo dogo lililofungwa, yakibaki yamwage au kopo lifunge kabisa, na badilisha yote kila baada ya kama miaka miwili. DOT 5 ni silikoni, hiyo usichanganye na hizi. Na asije mtu akakuwekea oili ya injini au ya usukani kwa sababu "zote ni mafuta", raba zote za breki zitavimba na hapo ndo kweli utanunua kila kitu.

Mzee alinidai elfu ishirini na tano pamoja na mafuta, nikampa na sahani ya sambusa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakanyaga breki bila sababu, mpaka konda wa daladala nyuma yangu akanitukana pale Tabata.

Sisemi masta silinda hazifi. Zinakufa, na gari la miaka karibu 30 lazima uitazame. Ninachowalaumu ni kumpa mtu jibu la kununua kabla ya kumwambia ajaribu nini kwanza, wakati majaribio yote hayo, hendibreki, kukanyaga na kushikilia, kubana paipu, hayana gharama. Msomaji wenu wa Jumapili naye hakuulizwa nini kilifunguliwa mara ya mwisho, na kama bado hajaenda Gerezani naomba mumchapishie hii mapema.

Halafu kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Ile masta silinda yangu ya mwanzo, iliyotoka nayo kiwandani na ambayo mzee kwa maelezo yangu anasema haikuwa na shida yoyote, niliiacha kulekule gereji. Nilirudi kuiulizia wakasema waliitupa. Wiki iliyofuata niliiona, nikaitambua kwa kopo lake, lile lenye mfuniko niliouandika tarehe kwa maka peni nyeusi, imepanguswa vizuri imekaa kwenye shelfu ya vitu vya kuuza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Vitafunwa,
Kimara Temboni, Dar es Salaam.