Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Port Talbot, Wales

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, mlio hapa Wales na mlio nyumbani,

Kwa niaba ya familia yangu, na kwa niaba ya jumuiya yetu ndogo ya Waswahili wa Swansea na Port Talbot, ambayo mwaka huu imenipa heshima ya kuandika salamu hizi, nawatakia nyote Krismasi njema yenye amani na upendo, na Mwaka Mpya wa 2025 wenye heri, afya na fanaka tele. Ndugu zetu Waislamu, tuliofuturu pamoja mwezi Machi na kula Idi pamoja mwezi Aprili, nawasalimu kwa moyo ule ule, maana sufuria letu la pilau huku ugenini ni moja.

Mwaka 2024 unatuaga ukiwa umewachosha Wawelisi, nasi tunaoishi miongoni mwao tumechoka pamoja nao. Ulianza kwa misiba. J.P.R. Williams alifariki Januari na Barry John akamfuata Februari, mabingwa wa raga ambao kila mzee wa hapa anaweza kukusimulia walivyocheza, na timu ya taifa, kana kwamba nayo imekaa matanga, haikushinda mechi rasmi hata moja ya kimataifa mwaka mzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1937. Mwezi Machi wakulima walipanga jozi 5,500 za gambuti mbele ya Bunge la Wales pale Cardiff, jozi moja kwa kila ajira iliyohofiwa kupotea kutokana na mpango mpya wa ruzuku. Mwezi huo huo Vaughan Gething, mzaliwa wa Lusaka ambaye mama yake ni Mzambia, akawa Waziri Kiongozi wa serikali ya Wales, nasi tukapigiana simu kwa furaha mpaka usiku wa manane. Kufikia Julai alikuwa ametangaza kujiuzulu, na Agosti Eluned Morgan akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na kwa wenzetu wengi wanaolea wazee katika nyumba za matunzo, Machi 11 ndiyo tarehe wasiyoisahau, kwa kuwa tangu siku hiyo aliyekuja kwa kibali cha kazi hiyo hakuruhusiwa tena kuja na mwenzi wake wala watoto wake. Wapo watakaokula Krismasi hii wakiwatazama watoto wao kwenye simu. Tuwakumbuke hao kwanza.

Lakini kwa mji huu mwaka 2024 utabaki kuwa mwaka wa kuzimwa kwa moto. Katika kiwanda chetu cha chuma, tanuri moja la kuyeyushia lilizimwa Julai, na la mwisho Jumatatu ya tarehe 30 Septemba, na hapo ukafika mwisho wa kazi iliyolisha mji huu kwa zaidi ya miaka 100. Ajira zipatazo 2,800 zimo katika hesabu ya hasara hiyo, nyingi zikiwa za hapa hapa. Tunaambiwa litajengwa tanuri la umeme la kuyeyusha vyuma chakavu, nasi tunaomba Mungu liwe kweli na liwahi, ila mtu mwenye mkopo wa nyumba na watoto shuleni hawezi kuishi kwa ahadi ya miaka ijayo.

Jirani yangu, mzee aliyefanya kazi kwenye matanuri yale kwa miaka 38 kabla ya kustaafu, alitoka siku ile akasimama bustanini kwake akiwa amevaa koti lake la kazi la zamani. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka kazini pasipo kumkabidhi mwenzake moto, kwa kuwa tanuri la namna ile halilali, usiku wala sikukuu, na zamu inayotoka huikabidhi zamu inayoingia. Alifariki wiki ya pili ya Novemba.

Niwieni radhi nikisema jambo langu mwenyewe. Mwezi Mei mama yangu alifariki Muheza, Tanzania, nami sikuweza kwenda kumzika kwa sababu hati zangu za ukaazi zilikuwa zikisubiri kuhuishwa. Nilimzika kwa simu, nimekaa jikoni, picha ikikatika kila walipoinua jeneza. Mzee huyu alibisha hodi, akavuta kiti, akakaa nami tangu saa nne asubuhi mpaka jioni bila kusema zaidi ya maneno kumi, na ilipofika jioni akanyanyuka akaosha vikombe. Hakuna aliyemfundisha desturi zetu za msiba. Mama, pumzika kwa amani. Na wewe jirani, pumzika.

Mkewe, ambaye watoto wa mtaa humwita Mamgu nami humwita hivyo kama ningemwita Bibi, alikuwa na kawaida ya kufuta vizingiti vya madirisha kila Jumatatu asubuhi kwa sababu ya vumbi la kiwandani, vumbi ambalo sote tulilalamikia na kulifuta. Jumatatu iliyofuata mazishi nilimkuta nje na ndoo yake. Alifuta kizingiti chote, akakitazama kitambaa, kilikuwa cheupe, akakikunja akakirudisha ndooni. Bado anafuta kila Jumatatu.

Mabondeni nako, kwenye miji ya zamani ya makaa ya mawe, hakukuwa na nafuu. Agosti tulikwenda Pontypridd kwenye Eisteddfod, tamasha la taifa la mashairi na nyimbo kwa Kiwelisi, nasi tuliokulia penye malenga tulijisikia tumefika nyumbani. Novemba 24, katika dhoruba iliyopewa jina la Bert, mto Taff ulifurika ukaingia katika bustani ile ile ya tamasha, na katika nyumba za watu ambao walikuwa wamekwisha kufurikiwa Februari 2020. Siku hiyo hiyo sehemu ya rundo la mabaki ya makaa ya mawe iliporomoka Cwmtillery, tope likashuka mpaka kwenye nyumba na watu wakahamishwa usiku. Tunamshukuru Mungu pale hakufa mtu. Hata hivyo, kwa Mwelisi habari ya rundo kuporomoka haiji peke yake, huja na jina la Aberfan, ambako Oktoba 21, 1966 walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Kisha Desemba ikaja dhoruba ya Darragh, na maelfu ya nyumba zikakaa gizani.

Yote haya yametukuta bei zikipanda. Oktoba bei ya gesi na umeme iliongezeka kwa asilimia 10, na msimu huo huo posho ya kupashia nyumba joto ikaondolewa kwa wastaafu wengi. Ninaowahudumia kazini wananiambia wanachagua chumba kimoja cha kukaa na kufunga vingine.

Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba tusikilizane. Mtakatifu Dewi, msimamizi wa taifa hili, anakumbukwa kwa kuwausia watu wake wafanye mambo madogo, na mambo madogo tunayaweza. Bisha hodi kwa mzee anayekaa peke yake kabla hujapakua pilau, si baada ya kushiba. Ukipika, pika na la jirani. Mpigie mama yako leo, usingoje vocha ya mwisho wa mwezi, maana mimi niliyengoja najua ninachosema. Kijana uliyepoteza kazi, usijifungie ndani kwa aibu, njoo tukae, kwani aibu si yako. Nanyi wenye mishahara, tusijivunie gari wala zulia huku aliye ng'ambo ya ukuta anavaa koti kitandani; tulipokelewa wageni, na Mungu aliyetupokelesha anatutazama tunavyopokea.

Tutakutana Alhamisi, Desemba 26, saa saba mchana, katika ukumbi wa kanisa kama kawaida. Kwaya ifike mapema. Mamgu amekubali kuja, naye ameuliza alete nini. Nimemwambia aje mikono mitupu, lakini najua atakuja na keki zake, kwa hiyo mezani tumwachie nafasi.

Heri ya Krismasi na fanaka za Mwaka Mpya. Nadolig Llawen a Blwyddyn Newydd Dda.