Kadi inafutwa Jumanne, kichapo kinabaki palepale

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili la marefa limenikaa kooni. Kila mara nasoma habari ileile, timu imekata rufaa, kadi nyekundu imefutwa, halafu watu wanashangilia eti haki imetendeka. Haki gani hiyo?

Chukua ile ya Bruno Fernandes, Septemba 2024, Manchester United wapo kwao Old Trafford na Tottenham, wameshafungwa moja, dakika ya 42 Bruno anateleza anamkwatua Maddison, refa Chris Kavanagh bila kupepesa anatoa nyekundu, VAR, yaani marefa wa video, wanaangalia wanaona poa tu. United wakacheza kipindi cha pili chote pungufu wakala 3-0. Jumanne yake kadi ikafutwa. Sawa, Bruno kaokoka na adhabu ya mechi tatu, ila zile bao nani anazifuta? Na kusema kweli United siku ile walikuwa wabovu hata wakiwa 11, lakini ubovu wao haumpi refa ruhusa.

Haijapita hata miezi minne, Januari 25, 2025, dogo Myles Lewis-Skelly wa Arsenal kalimwa nyekundu na Michael Oliver kule kwa Wolves kwa kumchezea rafu Matt Doherty. Tukio lenyewe mbali kabisa na lango la Arsenal, ni ile faulo ya kukata kaunta ambayo hata watoto wa ndondo wanajua ni njano. Jamaa wa VAR wana skrini, wana marudio ya kila upande, wakakubaliana nae! Jumanne tena, ikafutwa. Arsenal walishinda 1-0 kwa bao la Calafiori kwa hiyo kelele ziliisha mapema, wangefungwa je?

Tatizo naliona hapa, VAR wameambiwa wasiingilie mpaka kosa liwe la wazi kabisa, sasa mtu wa VAR nae ni refa mwenzake, kesho wanabadilishana viti, nani atataka kumuumbua mwenzie? Ndo maana nasema kila nyekundu ya moja kwa moja refa mwenyewe akimbie kwenye skrini akajionee, dakika mbili tu, mbona tunapoteza nyingi zaidi kwa makipa kujilaza.

Msinielewe vibaya, VAR imesaidia. Machi 2014 pale Stamford Bridge, mechi ya 1,000 ya Wenger kama kocha wa Arsenal, Oxlade-Chamberlain kadaka shuti la Hazard wa Chelsea, refa Andre Marriner akamtoa mwenzake Kieran Gibbs! Oxlade mwenyewe anamwambia refa ni mimi, refa hasikii. Arsenal wakapigwa 6-0. Kumkosea mtu namna ile siku hizi VAR wanaruhusiwa kurekebisha hapohapo.

Ila huku kwetu Afrika mashine peke yake haitoshi. AFCON ya Cameroon, Januari 2022, Tunisia na Mali, refa Mzambia Janny Sikazwe alimtoa El Bilal Touré wa Mali, akaitwa akaangalie skrini, akaangalia, akarudi na nyekundu yake vilevile. Halafu akamaliza mpira kabla ya dakika 90! Baadae ikasemwa ni joto lilimzidi, pole yake, lakini mwenzake wa akiba alikuwepo pembeni.

Na Pretoria Aprili 2024, Yanga na Sundowns wa Afrika Kusini, ndo usiseme. Mi ni Simba wa kufa, ila shuti la Aziz Ki lile limegonga mwamba likadunda chini, Yanga wanalia goli, refa hakwenda kuangalia, mwisho wakatolewa kwa penalti. Mtaani mpaka leo tunabishana.

Wenzetu Uingereza walipokataa goli halali la Luis Díaz wa Liverpool, 2023, sauti za chumba cha VAR zilitolewa hadharani, dunia ikasikia walivyochanganyana, jamaa wa VAR alidhani uwanjani goli limekubaliwa akasema tayari, mpira ukaendelea. Aibu tupu, lakini angalau ubishi uliisha, watu walijua nini kimetokea na nani kakosea. CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, nao wafanye hivyo kwa kila nyekundu na kila goli lenye utata, wiki ileile, waanze na sauti za VAR za Pretoria. Hata watani wangu wa Jangwani, hao Yanga, wakija kunicheka baada ya kuisikiliza, fresh tu.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam