Mlango wa tanuri la koki usizibwe

Mhariri,

Anayekarabati matanuri ya zamani ya koki (makaa ya mawe yaliyookwa hadi yakabaki kuni ngumu ya kuyeyushia chuma) ya Connellsville, Pennsylvania, Marekani, asizibe milango kwa saruji, kwani mlango ndio ulioendesha kazi. Takribani tani 5 za makaa ya mawe zilimwagwa kupitia tundu la juu ya kuba ya tanuri, zikasawazishwa, kisha mlango ukajengwa kwa matofali na kuachwa upenyo mwembamba juu. Hewa ya hapo iliunguza gesi na lami (mali tupu iliyopotea angani!), na kuba ikarudisha joto chini. Upenyo ukizidi, koki yenyewe iligeuka jivu. Ukipungua, makaa hayakuiva. Koki ya kuyeyushia madini ilichukua saa 48, ya kusubu 72. Ilizimwa kwa maji humohumo ndani, hivyo matofali yakapasuka. Nyufa hizo nazo ziachwe zionekane.